Bastola ya Kimathi na Mkate wa Jukwaani

Mwaka jana rafiki yangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Nakuru, ambayo sitaitaja, alinialika nikawatazame wanafunzi wake wakiigiza Mzalendo Kimathi. Waigizaji walikuwa wameiva. Mahakama ilijengwa kwa madawati mawili na shuka la kijani, hakimu alivishwa nywele za pamba, na msichana aliyeshika nafasi ya Mwanamke alikuwa na sauti ya kulijaza bwalo bila kipaza sauti. Kisha mkate ukavunjwa. Kutoka ndani yake ikachomoka bastola ya plastiki ya rangi ya fedha, ile bapa ya kisasa ambayo risasi zake hukaa ndani ya mpini, iliyonunuliwa kwenye kibanda cha vitu vya kuchezea watoto karibu na stendi ya matatu. Bwalo likaangua kicheko. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akapaza sauti, "Mguu wa kuku!" na kicheko kikazidi hata waigizaji wakalazimika kungoja.

Rafiki yangu aliona haya. Aliniambia baadaye kwamba walimcheka yeye, kwa kuwa ndiye aliyekinunua kidude kile. Mimi nilidhani, na ningali nadhani, kwamba wanafunzi wale walikuwa na haki ya kucheka. Walionyeshwa kitu wanachokijua kutoka katika filamu za Marekani na habari za jioni kuhusu majambazi, kisha wakaombwa waamini kwamba ni kitu kilichomfikisha mtu kwenye kitanzi mwaka 1957. Maneno ya jukwaani yalisema jambo moja, kifaa kikasema jingine. Nimeandika makala haya kwa sababu kosa lile la kifaa, ambalo wengi watalichukulia kuwa dogo, linatokana na kosa kubwa zaidi tunalolifanya sisi wanafunzi na wahadhiri wa fasihi. Tunaizungumzia mno bastola ya Kimathi kama ishara, na ni nadra kuuliza ilikuwa bastola gani.

Jibu limo katika hati ya mashtaka. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 kando ya msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, baada ya kupigwa risasi ya paja na askari wa akiba. Mwezi uliofuata alifikishwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Hakushtakiwa kwa kuua. Hakushtakiwa kwa uasi, wala kwa kuongoza jeshi, ingawa kwa miaka minne serikali ya kikoloni ilikuwa imemsaka kama kiongozi wa vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola moja aina ya Webley & Scott ya kipenyo cha .38, na kwa kupatikana na risasi sita, bila kibali. Tarehe 27 Novemba 1956 alihukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Kumbukumbu za kesi hiyo zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa zimepotea, hadi zilipochapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Anayetaka kuandika juu ya Kimathi leo bila kuyasoma mashtaka yale hana tena kisingizio.

Basi na tuitazame bastola yenyewe, kwani ni mojawapo ya vyombo vya karne ile vilivyopendwa kupita kiasi, na kupendwa huko kuna sababu zake. Webley ilitengenezwa Birmingham, na jeshi la Uingereza likaipokea rasmi mwaka 1887. Kuanzia hapo hadi mwaka 1963, kwa sura mbalimbali, haikukosekana mikononi mwa maofisa wa Kiingereza popote bendera yao ilipopepea. Umbo lake ni rahisi kulieleza. Ina silinda yenye matundu sita. Fremu yake haikuundwa kwa kipande kimoja cha chuma. Imegawanywa, na sehemu zake mbili zimeunganishwa kwa bawaba iliyo mbele ya silinda. Mwenye kuishika husukuma kitasa kilicho kando ya nyundo kwa kidole gumba, mtutu ukainama kama mtu anayerukuu, na papo hapo maganda yote sita yakasukumwa nje kwa pamoja. Bastola nyingi za silinda zilizotangulia zilimlazimu mtu achokoe ganda mojamoja huku adui akimjia. Webley ilimpa ofisa sekunde alizozihitaji.

Sifa yake ya pili ni uvumilivu. Katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako tope liliingia katika kila kitu, bastola za magazini zilikuwa zikikwama. Webley iliendelea kufanya kazi. Risasi moja ikigoma, mpigaji huvuta kifyatuo tena, silinda ikamletea nyingine. Si ajabu kwamba wapo watu mpaka leo, hasa Ulaya na Marekani, wanaozikusanya na kuzisugua kama tunavyosugua birika la mgeni. Naelewa mapenzi hayo. Chombo kinachofunguka na kufungika kwa mwendo mmoja usio na ziada hupendeza macho, kama vile ubeti uliokamilika vina na mizani unavyolipendeza sikio, hata kwa sisi tulioshika upande wa mashairi huru.

Lakini sifa hizohizo ndizo ila zake. Bawaba inayoifanya ifunguke haraka ndiyo mahali pake dhaifu: fremu iliyounganishwa haiwezi kuhimili baruti kali sawasawa na fremu ya kipande kimoja. Ni nzito, ile ya mwaka 1915, iliyoitwa ya sita, inapita kilo moja kabla ya kutiwa risasi. Waingereza walipotaka bastola nyepesi zaidi baada ya vita vile, walishuka kutoka kipenyo cha .455 hadi .38, wakapata chombo ambacho kuruta aliweza kukifunza mkono wake kwa siku chache. Walipunguza pia nguvu ya risasi. Kufyatua bila kuvuta nyundo kwanza kunahitaji kidole chenye nguvu, na kidole kikikaza, mkono hutikisika na shabaha hupotea. Isitoshe, risasi ni sita tu. Mwaka 1935 tayari kulikuwa na bastola ya Browning iliyobeba risasi kumi na tatu katika magazini. Webley ilikwisha kuwa mzee kabla Hali ya Hatari haijatangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952.

Mzee huyo, hata hivyo, alikuwa na makazi mazuri hapa kwetu. Njoro, Molo, Subukia, Solai na Naivasha zilikuwa nchi ya masetla, na setla bila silaha alikuwa nadra. Baada ya familia ya Ruck kuuawa Kinangop mnamo Januari 1953, hofu iliingia katika kila nyumba ya mawe ya Bonde la Ufa. Watu walikula chajio bastola zikiwa mezani kando ya vijiko, Webley na nyingine za kila namna. Ukisoma kumbukumbu za masetla utaona kwamba hawaielezi bastola kama kitu cha kuulia. Wanaieleza kama pambo la wakati mgumu, kitu ambacho bibi alikitia katika mkoba wake pamoja na leso.

Hapo ndipo sheria ilipoigawa bastola moja kuwa vitu viwili. Setla aliyeipoteza Webley yake kwa uzembe aliweza kushtakiwa na kutozwa faini. Mwafrika aliyeiokota alikabiliwa na kifo. Kuanzia mwaka 1953 kanuni za Hali ya Hatari ziliifanya hatia ya kupatikana na silaha, au hata risasi tu, kuwa na adhabu ya kunyongwa. Mwanahistoria David Anderson, katika utafiti wake juu ya kesi hizo uliochapishwa mwaka 2005, anahesabu watu 1,090 walionyongwa, na anaonyesha kwamba walionyongwa kwa kupatikana na silaha au risasi walikuwa wengi kuliko walionyongwa kwa mauaji. Nawaomba wasomaji wasiipite haraka hesabu hiyo. Inasema kwamba mbele ya majaji wale, kazi kubwa ya bastola haikuwa kufyatuliwa. Kazi yake ilikuwa kupatikana.

Sasa rudini kwenye mkate. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo waliiandika tamthilia yao kwa Kiingereza, ikaonyeshwa katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi mwezi Oktoba 1976, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka mwaka 1978. Ndani yake Mwanamke anabeba mkate wenye bastola, na mkate huo unapita mikononi mwa kijana na msichana hadi ndani ya mahakama. Darasani tumefundishwa kuisoma bastola hii kama kijiti cha mapambano kinachopokezwa kutoka kizazi hadi kizazi, na mkate kama riziki ya mnyonge. Sina ugomvi na usomaji huo. Unapatikana katika kila mwongozo, na mtahiniwa anayeuandika atapata alama zake. Ila unasahau jambo ambalo mtazamaji wa Nyeri au Naivasha wa mwaka 1956 angelijua bila kuambiwa: kwa mujibu wa sheria, mwanamke yule amebeba kifo chake mwenyewe kikapuni. Hahitaji kufyatua chochote. Akisimamishwa na askari, mkate ukavunjwa barabarani badala ya kuvunjwa mahakamani, hadithi yake imekwisha. Anapoukabidhi mkate kwa watoto, anawakabidhi pia hatari hiyo, na hili ni tendo zito kuliko kupokezana kijiti. Je, ana haki ya kulifanya? Tamthilia inajibu kwamba anayo. Mimi sijui kama ningejibu hivyo, na nadhani mtazamaji anastahili kupewa nafasi ya kuuliza. Hatauliza akiwa anacheka bastola ya plastiki.

Kuna suala jingine, la ukubwa. Silaha za msituni zilikuwa za aina mbili kuu. Zipo zilizoundwa kwa mikono, kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya magurudumu, ambazo mara nyingine zilimdhuru mpigaji kuliko aliyepigwa. Zipo pia zilizotekwa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, mwendo mfupi kutoka hapa, wakatwaa bunduki na risasi na kuwafungulia mahabusu zaidi ya mia moja. Bunduki zile ndizo zilizoweza kupigana vita. Bastola ya .38 haikuwa na manufaa makubwa katika msitu wa mianzi. Masafa yake ni mafupi, na haikubali risasi ya .303 ambayo ndiyo iliyopatikana kwa wingi zaidi. Mpiganaji mwenye Webley alikuwa na risasi chache zisizo na mbadala.

Kwa nini basi Kimathi aliibeba? Hapa natoa maoni yangu, nayo yapokelewe kama maoni. Naamini aliibeba kwa sababu ileile iliyowafanya maofisa wa Kiingereza waibebe: ilikuwa alama ya cheo. Askari wa kawaida hubeba bunduki. Anayeamuru hubeba bastola. Kimathi alijiita Jemadari, aliandika barua na kuhifadhi kumbukumbu za msituni kwa bidii ya karani, na karani ndivyo alivyokuwa, kwani mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Thomson's Falls, mji tunaouita sasa Nyahururu. Mtu wa namna hiyo anajua thamani ya alama. Alichukua umbo la dola iliyomkandamiza, kama alivyochukua vyeo vyake na mtindo wake wa barua, akalitia maana yake. Wenzangu tunaosoma historia ya riwaya na tamthilia ya Kiswahili tunaufahamu vizuri mwenendo huo wa kukopa umbo na kulijaza cha kwetu. Tunaufahamu pia kwa ubaya wake, kwamba umbo la kukopa huja na masharti ya mwenyewe. Sharti la Webley lilikuwa nambari iliyochongwa kwenye chuma na sheria iliyongoja.

Tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa kwake, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi katika barabara yenye jina lake. Mkono mmoja umeshika bunduki ndefu, mwingine umeshika kisu. Ni kazi nzuri, na kila nikipita hapo husimama. Lakini bastola haionekani. Mchongaji, au waliomwagiza, waliona kwamba shujaa anahitaji chombo kikubwa zaidi. Naelewa sababu zao: sanamu hutazamwa kutoka mbali, na bastola ya .38 kutoka ng'ambo ya barabara ingeonekana kama kipande cha sabuni. Hata hivyo, kitu kimepotea. Bunduki na kisu vinatuambia kwamba Kimathi alikufa vitani. Hakufa vitani. Alikufa kwa utaratibu, kwa hati, kwa mashahidi, kwa wazee watatu wa baraza na jaji aliyevaa joho, kwa sababu ya kitu kilichotosha mfukoni. Ukatili wa aina hiyo ni mgumu zaidi kuuchonga, na ndiyo maana fasihi ipo.

Fasihi yetu ya Kiswahili, kwa bahati mbaya, haijatufunza kuziangalia silaha kwa makini. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, bunduki ya Mjerumani ina uzito wa kutisha kwa sababu tamthilia nzima inauliza kama maji yataizuia risasi. Hapo silaha imefikiriwa. Ukivuka ukaingia katika riwaya pendwa, bastola zinajaa kama mvua ya masika. Tangu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, hadi kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi wa Kiswahili na silaha yake hawaachani. Nimezisoma riwaya hizo kwa furaha kubwa, tena usiku, na simwonei aibu mtu kwa hilo. Lakini bastola ndani yake haina historia. Inatoka mfukoni, inalia, inarudi. Haina mtu aliyeitengeneza wala sheria inayoifuata. Msomaji aliyelelewa na riwaya hizo, kisha akaletewa mkate wa Mwanamke, atangojea mlio tu.

Lugha yetu nayo haikuwa maskini katika jambo hili, tumeifukarisha wenyewe. Wazee wa pwani walipoona mzinga wa kivita walitazama wakaona gogo lenye uwazi, wakaliita kwa jina la makazi ya nyuki. Gobore tunalitofautisha na bunduki. Risasi tumeipata kwa Waarabu pamoja na jina la madini yake. Leo hii katika tasnifu zetu kila kitu ni bunduki, au kikizidi sana ni bastola, na tukitaka kueleza zaidi tunarukia Kiingereza. Vijana wa mitaani wametushinda. Mguu wa kuku ni istiari yenye jicho, kwani anayeitazama bastola kwa upande ataiona paja na mfupa. Risasi wameziita njugu. Bonoko, bastola bandia, ni neno lililoenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 likibeba ndani yake tuhuma nzima, kwamba kuna wanaopigwa risasi kwanza kisha wakawekewa silaha mkononi. Tazama jinsi neno hilo moja linavyokaribia kesi za miaka ya 1950: bastola ambayo kazi yake ni kupatikana. Kijana aliyepaza sauti nyuma ya bwalo alikuwa na msamiati wa kutosha kuielewa tamthilia. Hatukuutumia.

Sihitaji kamati ya istilahi ikae miaka mitatu. Bastola ya silinda na bastola ya magazini ni maneno yanayoeleweka na kila mtu, na yanatosha kumwambia mwigizaji, mchoraji wa jalada na mwandishi wa mwongozo ni kitu gani kinachotakiwa.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu alipoisoma rasimu ya makala haya aliniambia, "Kijana, taswira haina nambari ya kipenyo." Alimaanisha kwamba fasihi si ghala la polisi, bastola ya Ngũgĩ na Mĩcere si ile iliyowekwa mezani mwa Jaji O'Connor, na waandishi wenyewe walikataa waziwazi kufungwa na kumbukumbu za kikoloni. Ni hoja nzito na sijaimaliza moyoni. Ni kweli kwamba tamthilia hiyo iliandikwa kuipinga mahakama, si kuinakili. Lakini nadhani mhadhiri wangu amechukua uhuru wa mwandishi akampa msomaji mvivu. Mwandishi aliyejua uzito wa kitu anaweza kukigeuza atakavyo. Sisi tunaokuja miaka hamsini baadaye, tusioujua uzito huo, hatukigeuzi chochote. Tunakiacha kitoweke tu, na mahali pake tunaweka cha kibandani.

Zaidi ya hayo, kuna sababu ya kwetu sisi wa eneo hili, ambayo pengine mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hataihisi kwa namna moja. Wanafunzi wanaoigiza Mzalendo Kimathi mjini Nakuru ni watoto wa watu walioiona Januari ya mwaka 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na zaidi ya thuluthi moja ya waliokufa walikufa kwa risasi. Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Kaskazini kwetu, Baringo na majirani zake, bunduki haramu zimekuwa sehemu ya malisho na maji kwa muda mrefu kiasi kwamba Februari 2023 serikali iliwatuma wanajeshi. Unapoweka silaha mkononi mwa kijana jukwaani Nakuru, hauweki ishara tupu. Wapo katika bwalo lile ambao wanajua sauti yake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuiondoe tamthilia hiyo shuleni kwa kuwa inasifu silaha, na nimewasikia walimu wawili wakisema hivyo. Wanaoisoma kama sifa ya silaha wameisoma kupitia ile bastola ya plastiki. Isomwe kupitia Webley, chombo cha kizamani chenye bawaba dhaifu na matundu sita, kisichofaa kwa vita vya msituni, kizuri cha kuficha na kibaya cha kukutwa nacho, na swali linahama kutoka nani atafyatua hadi nani ameandika sheria, na kwa nini chuma kimoja ni pambo katika nyumba ya Njoro na kitanzi katika kijiji cha Nyeri. Swali hilo linaweza kujadiliwa na mtoto wa kila jamii iliyoketi katika bwalo lile, bila mmoja kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. La kwanza haliwezi.

Kwa walio wahadhiri, ombi langu ni dogo. Tunapofundisha tamthilia hii, hati ya mashtaka isomwe darasani kabla ya onyesho la mkate. Ni fupi, haitachukua dakika tano. Kwa wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu, naona mada iko hapa ikiwa wazi, ya silaha kama kifaa cha jukwaani katika tamthilia ya Kiswahili, na ningefurahi kuona mtu akinitangulia, maana mimi tayari nimejifunga na wahusika wa kike na msimamizi wangu hatanisamehe nikibadilisha tena.

Rafiki yangu anataka kuiigiza tena tamthilia hiyo muhula ujao. Amempata fundi seremala katika mtaa wa Kaptembwo aliyekubali kuchonga bastola ya mbao ya kupaka rangi nyeusi, bora apewe picha. Nilimpelekea picha mbili. Juma lililopita alinipigia simu fundi akiwa karibu naye, akaniuliza kama kile kigurudumu cha katikati lazima kiwe na matundu, kwa kuwa kuyatoboa kutaongeza bei. Nikamwambia ayatoboe yote sita.